Jicho la Kushoto la Bi Majani

Mtaani kwetu watu walimwita Bi Majani, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mama mkwe wangu. Kazi yake ilikuwa mchunga: kuuchuma, kuuchemsha, kuuza majani kwa wanaotaka mboga na kuuza maji yake kwa wanaotaka dawa. Aliifanya miaka thelathini na ushee, na ndiyo iliyomlea mume wangu mpaka akapata leseni ya kuendesha malori. Nasimulia habari zake kwa sababu wapo wanaozisimulia vibaya, na kipande kinachokosekana kwenye masimulizi yao ninacho mimi.

Mchunga ni gugu tu, asije mtu akadhani ni kitu cha kupanda mlima kukitafuta. Unaota kando ya mashamba, nyuma ya matanuri ya matofali, kwenye viwanja ambavyo wenyewe wamesahau kujenga. Mkulima anaung'oa na kuutupa huku anaulaani. Majani yake ni marefu, membamba, yana meno pembeni, na ukivunja shina linatoka utomvu mweupe unaokauka vidoleni na kuacha rangi ya kahawia. Vidole vya Mama vilikuwa na rangi hiyo siku zote, hata akiwa amejipamba kwenda harusini. Mume wangu alimnunulia glavu za mpira, akazitumia kufunikia mitungi.

Alikuwa na masharti yake. Mchunga wa mtaroni hakuugusa hata uwe umenona vipi. "Huo una mwenyewe," alikuwa akisema, akionyesha kwa kidevu choo cha jirani. Hakung'oa mzizi, alikata juu yake kwa kisu kifupi ili uchipue tena. Na ukishatoa ua la njano aliuacha, kwa sababu hapo uchungu unakuwa umepita kiasi.

Akifika nyumbani aliosha majani kwa maji matatu, akayatia kwenye sufuria kubwa, akayachemsha. Maji yale ya kwanza ndiyo dawa. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe, akayatia chupani. Majani yaliyobaki aliyakamua kwa mikono miwili, akayasuuza kwa maji baridi, akayakamua tena, akasuuza, akakamua mara ya tatu. Ndipo yalipokuwa mboga ya kukaangwa na kitunguu na karanga za kutwangwa. "Kupika mchunga ni kukamua," alinifundisha. "Hayo mengine ni mapambo." Asiyekamua anakula adhabu.

Maji walikuja kuyachukua watu wa kila aina. Mama ambaye mwanawe ana minyoo, mzee ambaye homa imemganda, mgonjwa aliyekosa hamu ya kula, na miaka ya karibuni wenye kisukari. Sisemi yaliwaponya. Nasema waliyanunua na wakarudi.

Kipimo hakuwa nacho, wala saa. Alichovya kidole kidogo kwenye sufuria, akakigusisha nyuma kabisa ya ulimi, akasubiri. Uchungu ukifika panapotakiwa, jicho lake la kushoto lilifumba lenyewe, la kulia likabaki wazi. "Tayari," anasema, anaepua. Wateja waliowahi mapema walipenda kusimama wakilingoja jicho hilo, na fundi baiskeli wa pale kona alikuwa akisema kwamba hospitali wana mashine na sisi tuna jicho.

Mimi niliingia nyumba ile nikiwa na wosia mmoja kutoka kwa mama yangu mzazi. "Mwanangu, ukweni hakuna chakula kibaya. Unameza, unashukuru." Na chakula cha kwanza nilichopakuliwa kilikuwa nini? Mchunga. Kwetu tulizoea mchicha, mboga isiyo na ugomvi na mtu. Ule mchunga, pamoja na kukamuliwa kote, ulinipanda mpaka masikioni. Machozi yakanilenga.

"Ziko vipi, mwanangu?" Mama akaniuliza.

"Nzuri, Mama."

Akacheka kwa furaha, akaniongezea. Tangu siku hiyo alinisifu kila alikokwenda, kwamba mkwe wake anakula mchunga bila kukunja uso. Wanawake wenzangu wanalia na mama wakwe zao hadi leo. Mimi nilipendwa kwa neno moja la uongo, nikaona ni biashara nzuri, na kadiri miaka ilivyokwenda kweli nikauzoea mchunga na nikampenda aliyeupika. Chumba cha mbele alinipa niweke cherehani kabla sijapata kibanda changu. Nilipojifungua, hakumruhusu mtu mwingine anikande.

Alikuwa na mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa, nami nilimwita Mama Mdogo. Huyu alipikia shule ya bweni mpaka alipostaafu, akawa anakaa peke yake mitaa miwili kutoka kwetu, vyumba viwili na redio isiyozimwa. Mcheshi kupindukia. Alisema amepika maharage mengi sana duniani hivyo huko ahera hataulizwa dhambi, ataulizwa chumvi. Alipogundulika ana kisukari alikuja kwetu akasema, "Dada, nimekuwa mtamu kupita kiasi, nyinyi mlikuwa mnabisha." Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Kesho yake alichemsha sufuria ya pekee, akateka bilauri moja kutoka juu, akaitia kwenye chupa ndogo na kunipa.

"Mpelekee mdogo wangu. Usimwage hata tone."

Ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, maana nilipita pale kila siku nikienda kufungua kibanda. Miaka minne nilibeba chupa ile. Mwaka wa kwanza tu nilimkuta Mama Mdogo anameza vidonge vya hospitali kwa chai isiyo na sukari. Akashtuka kama mtoto aliyekutwa na kijiko cha asali.

"Usimwambie Dada," akasema. "Ataona nimemdharau."

"Na daktari anajua kuhusu haya maji?"

"Aa, daktari naye ana kelele zake. Mimi ni popo, mwanangu. Kwa ndege naonyesha mabawa, kwa wanyama naonyesha meno."

Nikacheka, nikakubali. Kumfurahisha dada, kumfurahisha daktari, kuna ubaya gani? Kila alipopimwa kliniki na kukutwa yu salama, dada akajua ni maji yake, daktari akajua ni vidonge vyake. Kila mmoja alilala usingizi.

Kisha ukaja msimu wa baridi, Mama akapata mafua ambayo sijawahi kuyaona. Wiki mbili kitandani. Alipoinuka alilalamika kwamba uji hauna ladha, kwamba samaki ni kama kutafuna karatasi. Tukasema ni uchovu wa ugonjwa, utapita. Akarudi kwenye sufuria yake. Nilikuwa uani nikianika nguo siku alipochovya kidole, akakigusisha ulimini, akasubiri. Jicho halikufumba. Akachovya tena. Akatikisa kichwa, akaongeza majani.

"Mchunga wa mwaka huu umelegea," akasema. "Ardhi imechoka."

Wiki hiyo akawa anaongeza majani na kuni. Maji ya vikombe vitatu akayaacha yakauke mpaka kikombe kimoja. Zamani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, sasa yakawa meusi kama kahawa. Hakungoja tena jicho, aliepua kwa kukisia. Na asubuhi moja kizibo cha chupa kilivuja mkononi mwangu, nikalamba bila kufikiri. Jamani! Ulimi ulikunjamana, nikatema mate kutoka pale mpaka kwenye kona ya fundi baiskeli. Palepale nikajua. Mchunga haukulegea. Ulimi wa Mama ndio uliokufa.

Sasa nitasema kwa nini sikumwambia, na sitafuti huruma. Niliona aibu kwa niaba yake. Kumwambia mwanamke yule kwamba ulimi wake haufanyi kazi kulikuwa sawa na mtu kuniambia mimi kwamba sioni tundu la sindano. Nikajiambia utarudi, ulimi hurudi. Nikajiambia nitamwambia kesho. Na chini ya hayo yote kulikuwa na wosia wa mama yangu, unameza, unashukuru, ambao nilikuwa nimeumeza miaka kumi na mmoja na ulikuwa umenikaa vizuri.

Fundi baiskeli alinisimamisha. "Shemeji, mwambie Bi Majani dawa ya siku hizi inapiga mateke."

"Nitamwambia," nikasema. Nikaenda zangu kushona.

Wengine ndio walioharibu zaidi. Kwa watu wetu dawa chungu ndiyo dawa, na ikizidi uchungu wanaona na uponyaji umezidi. Walikuja wakisifu: Bi Majani, safari hii umetuweza! Mama akafurahi, akaona amefanya vyema kuongeza majani, akaongeza tena. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza nikatamani kuwapiga makofi mmoja mmoja, ilhali aliyestahili kofi la kwanza alikuwa mimi.

Mama Mdogo aliyanywa yale maji akiwa amejibana pua. "Dada ameamua kunitanguliza," alisema, akacheka, akakohoa. Asubuhi tatu mfululizo nikakuta chakula chake cha jana kimefunikwa mezani hakijaguswa. Nikamuuliza. Akasema maji yamemkata hamu ya kula, kila kitu kinamtia kichefuchefu, lakini vidonge hajaacha, vidonge anameza kama alivyoagizwa.

"Basi mwaga, Mama Mdogo. Hatajua."

"Ataniuliza, nami siwezi kumdanganya nikiwa namtazama. Ndiyo maana nakutuma wewe." Akanipigapiga begani. "Dada yangu anaamka kabla ya jua kwa ajili yangu. Nimwage?"

Asubuhi ya nne niligonga, redio ikanijibu. Nilisukuma mlango nikamkuta sakafuni pembeni ya kitanda, gauni limelowa jasho, macho nusu wazi na hayanioni. Bilauri ya jana ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa juu ya meza. Sahani ilikuwa imefunikwa. Nikapiga kelele zilizowatoa watu mpaka mtaa wa nyuma, na muuza mkaa akatupa magunia yake chini tukampakia kwenye gari lake.

Hospitali muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kile kidude chao cha kupimia sukari, akaanza kukimbia. Wakamtundikia dripu. Mama alifika na kanga ikiwa imevaliwa upande wa ndani nje. Daktari akatuuliza mgonjwa anatumia nini.

"Maji yangu tu," akasema Mama.

"Na vidonge," nikasema mimi.

Mama aligeuka akanitazama. "Vidonge gani?"

Nikasema yote kuhusu vidonge. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakutukaripia. "Hayo majani sijui yana nini ndani," akasema. "Ninachokijua ni kwamba amemeza vidonge bila kula, siku kadhaa, sukari ikashuka sana, na amelala hivyo saa nyingi mno."

Hapo ndipo mahali pa kusema kilichobaki. Mlango ulikuwa umeshafunguka nusu. Ningesema tu: Mama, na maji nayo hayakuwa yale ya zamani. Nilifungua kinywa, nikamwona anavyotetemeka, nikaomba maji ya kunywa.

Mama Mdogo alizinduka siku ya nne. Anatembea, anakula, anacheka. Lakini aliyerudi si yule aliyekwenda. Mimi ananiita Mwalimu. Kila siku ananiuliza kama maharage ya wanafunzi yamechaguliwa mawe. Na kila kinachompitia kichwani kinatoka mdomoni bila kubisha hodi: mgeni akinuka kikwapa anaambiwa, mume wangu aliporudi safari aliambiwa amefutuka kama ndama. Tunacheka, kisha tunaangalia pembeni. Mama alimhamishia kwetu, kitanda kwa kitanda, akawa anamwogesha na kumsuka nywele.

Akiwa anamsuka alikuwa akiniambia maneno yaleyale. "Angeniambia tu, mwanangu. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekwenda mwenyewe kumchukulia vidonge vyake. Mdogo wangu alinificha. Uongo wake ndio uliomfanya hivi." Aliwaambia wateja pia. Nao waliondoka na chupa zao nyeusi wakitikisa vichwa kwa huzuni.

Ndiyo, aliendelea kuuza. Kwa nini asiuze? Kwa anavyojua yeye, maji yalikuwa yale ya miaka thelathini. Nikatafuta njia ya mwoga: nikawa nawavizia wateja njiani na kuwanong'oneza wachanganye na maji, nusu kwa nusu, Bi Majani ameagiza. Fundi baiskeli akaniuliza mbona Bi Majani hajasema mwenyewe. Nikamwambia ana mambo mengi. Nilikuwa naogopa. Mwanzoni habari ilikuwa ulimi, sasa ilikuwa mdogo wake. Ningemwambia kwamba mkono uliokoleza ni wake, na kwamba mimi niliyebeba nilijua ninachobeba. Nilihofia kumvunja, na nilihofia zaidi asiniite tena mwanangu. Nayasema yote mawili ili mtu asinipunguzie.

Jumapili moja Mama alipika mchunga wa mchana. Nilikuwa nasonga ugali, nikamwona akiyakamua majani mara moja, kisha mtu akamwita getini anataka dawa. Alikwenda, wakasalimiana salamu ndefu, akarudi, akayatia majani kwenye mafuta moja kwa moja. Nilidhani nimeona vibaya. Tuliketi watatu mkekani, akatupakulia.

Tonge la kwanza tu lilinirudisha kwenye siku ile ya kwanza ukweni, ila hili lilikuwa mara kumi. Koo lilikataa. Nikalilazimisha. Mama alikuwa akitafuna kwa utulivu kabisa.

"Ziko vipi, mwanangu?"

"Nzuri, Mama."

Mama Mdogo akatia tonge mdomoni. Akalitema kiganjani, akalitazama kama kitu kilichomuuma.

"Chungu!" akasema. "Dada, hujakamua! Chungu kama yale maji yako!"

Mama akaanza kucheka. "Huyu naye siku hizi..." Kicheko kikaishia njiani. Akachukua tonge jingine, akatafuna polepole, taya zikienda huku na huku, kama mtu anayepapasa kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Akatazama kile kilichotemwa kwenye kiganja cha mdogo wake. Akatazama sahani yangu, niliyokuwa nimeshaila nusu.

"Ni chungu?" akaniuliza.

Nikamega tonge jingine.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Kidogo, Mama."

"Mmoja wenu ananidanganya," akasema, wala hakupaza sauti. "Na huyu hajui tena kudanganya."

Niliweka tonge chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua yale, Mama."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaiona midomo yake inacheza. Alipofika alikokuwa akienda, akafumba macho, kisha akayafumbua. "Na maji niliyokuwa nakupa umpelekee?"

"Yalikuwa machungu, Mama. Kuliko hizi mboga."

Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele, majirani waje, iwe aibu ya watu wote. Alinawa tu, akajishika goti, akainuka. Alitoka uani ambako sufuria ya dawa ya wateja wa jioni ilikuwa bado inafuka moshi juu ya mafiga. Nikamfuata mpaka pale. Nyuma yetu Mama Mdogo alikuwa anaita, Mwalimu, Mwalimu, maharage yamechaguliwa?

Mama alichovya kidole chake kidogo, kile cha rangi ya kahawia. Akakigusisha nyuma kabisa ya ulimi. Akasubiri, nami nikasubiri naye, nikimwomba Mungu niwe mimi niliyekosea, nikilikazia macho lile jicho lake la kushoto. Lilibaki wazi, linanitazama.